Baridi ya Kushuka

Julai iliyopita nilishindwa kushika breki. Si kwamba zilikatika. Breki zilikuwa sawa, tena mpya, nilizinunua Nakuru kwa pesa ya makala mawili. Vidole ndivyo vilivyokataa. Tulikuwa tumepanda kutoka Subukia hadi Nyahururu, watu kumi na mmoja, tukanywa chai, tukapiga picha, tukageuza. Mteremko ulipoanza kundi likakatika. Wenye baiskeli za maana wakatangulia, mimi nikabaki nyuma na jaketi lililolowa jasho ndani na manyunyu nje. Kufika kona ya tatu nikaiambia mikono ifinye, ikaniangalia tu.

Nilisimama kwa kujitupa kwenye nyasi za upande wa mlima. Ule mwingine ni bonde, kwa hivyo nashukuru kwa hiyo akili kidogo iliyokuwa imebaki. Nikakaa pale mikono kwapani, nikalia kiasi. Mtu asikudanganye, damu ikianza kurudi vidoleni inauma kuliko baridi yenyewe. Lori la kabeji likapita likinipigia honi kana kwamba mimi ndiye niliyeleta ukungu. Baadaye nikasukuma baiskeli hadi kwenye kibanda fulani, nikaomba strungi. Mama wa pale akaniangalia vizuri, akaniuliza kama ni kawaida yangu kulewa saa nne asubuhi. Sikuwa nimeonja kitu. Ni ulimi tu ulikuwa mzito.

Wenzangu walikuwa wananingoja chini, mjini, wakila mayai. Hawakuwa wamefanya kosa lolote, kila mtu anajua kushuka ni kila mtu na moyo wake. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka jioni, nilipomsimulia Guka.

Guka ni baba ya baba yangu, umri wake ni zaidi ya miaka themanini, na tangu niache chuo mwaka wa pili (karo na mimi tulikosana) ananiita profesa. Nilitarajia anicheke. Hakuniuliza kama niliumia wala kama baiskeli ilipinda.

"Ulishuka na nani?"

"Peke yangu, Guka. Wengine walikuwa wametangulia."

"Na ulipofika kwa huyo mama, ulikuwa unaongea vizuri?"

Nikamwambia alidhani nimelewa. Guka akaweka kikombe chini, akanyamaza muda mrefu, halafu akaingia ndani kulala bila kumaliza chai. Huyo mzee hajawahi kuacha chai. Ilinichukua wiki mbili kujua nilikuwa nimegusa nini, na katika hizo wiki nilifanya kile ninachofanya nikikosa jibu: nikasoma.

Wacha nianze na mahali. Ukitoka Nakuru ukiifuata barabara ya Nyahururu, unafika Subukia baada ya karibu kilomita 40. Mbele yako unaona ukuta. Huo ndio ukingo wa Laikipia, ukuta wa mashariki wa Bonde la Ufa kwa sehemu hii, na barabara inaupanda kwa kujikunja. Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ilipasuka chini ya ukuta huu. Ni tetemeko la ukubwa wa 6.9, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Kenya. Tunapenda kusema Kenya haina matetemeko, lakini mlima tunaopanda Jumamosi kwa mbwembwe ni ufa ambao bado haujamaliza kazi yake.

Huko juu, Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Na hapo kati kuna kibao cha Ikweta. Wageni husimama kupiga picha wakiwa na fulana, wakitetemeka, maana walifundishwa shuleni kwamba Ikweta ni joto. Ikweta ni mstari tu. Anayeamua joto ni mwinuko: kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa digrii sita hivi. Na Julai, mwezi wa baridi kuliko yote nyanda za juu, mawingu hushuka yakakaa juu ya mashamba kama blanketi lililolowa, na unaweza kukaa siku tatu bila kuona kivuli chako.

Ongeza baiskeli hapo. Hewa ikiwa digrii 9 na wewe unateremka kwa kasi ya kilomita 45 kwa saa, ngozi yako inahisi kama digrii 4. Hiyo ni kama umekauka. Lakini haujakauka, kwa sababu umetoka kupanda saa mbili na mgongo unachuruzika. Kupanda kunakupa joto la bure, na kushuka kunakuja kulidai lote kwa dakika ishirini.

Sasa, nani alianza kuendesha baiskeli kwa makundi kwenye baridi hii? Ukiuliza mbogi yetu, utaambiwa habari za Chris Froome. Ni hadithi nzuri, sikatai. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza kwenye kundi la David Kinjah, Safari Simbaz, kule Kikuyu, wakipanda na kushuka vilima vya ukingo wa Bonde. Baadaye akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini hiyo ni kuanzia hadithi jioni. Baiskeli ilikuwa imeshaamka saa tisa usiku.

Nilianza na kitabu cha Tabitha Kanogo kuhusu maskwota, Squatters and the Roots of Mau Mau, cha 1987. Baba ya Guka alikuwa mmoja wao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iligawa mashamba ya nyanda za juu kwa wanajeshi Waingereza, huo ulikuwa mpango wa 1919, na watu kama babu yetu mkubwa wakawa wanaishi kwenye ardhi hiyo kwa kuitolea jasho. Sheria ya 1918 ilidai siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka. Walichopata ni kipande cha kulima na ruhusa ya kulisha mifugo. Halafu mifugo ikawa mingi kuliko alivyopenda mlowezi. Miaka ya 1920 ng'ombe na mbuzi wa maskwota wakaanza kuondolewa, na watu wakaipa operesheni hiyo jina la Kiswahili ambalo halihitaji maelezo: kifagio. Ilipofika 1937 sheria mpya ikawapa walowezi wa kila wilaya nguvu ya kupanga skwota afuge wangapi, au asifuge kabisa.

Nilipomsomea Guka sehemu hiyo, alitikisa kichwa. "Baba alikuwa na ng'ombe kumi na wawili. Akabaki na fimbo."

Hapo ndipo nilianza kuielewa baiskeli. Baiskeli haili nyasi. Huwezi kumlaumu mtu kwamba baiskeli yake imeingia malishoni. Ile ya chuma, nzito, nyeusi, tunayoiita black mamba, ina asili ya Uingereza, Raleigh na wenzake, baadaye zikaja kwa wingi za India na China. Haina gia. Ina kilo ishirini na kitu kabla hujaweka hata kitunguu kwenye keria. Kwa mtu ambaye wazazi wake walifagiwa, ilikuwa ng'ombe wa kwanza ambaye hakuna bwana shamba angemhesabu.

Kitabu cha Kanogo kinaanza 1905 na kufika 1963. Guka alinunua baiskeli yake 1966. Kwa hivyo kutoka hapa sina kitabu, nina mzee na blanketi lake, na wazee wengine wawili wa hapa kijijini ambao walikuwa wakibishana naye kuhusu bei ya kabeji ya wakati huo.

Biashara ilikuwa hivi. Uhuru ulipokuja mashamba mengi ya walowezi juu ya ukingo yaligawanywa kwa wakulima Waafrika, na huko juu viazi, kabeji na maziwa vikawa vingi kuliko walaji. Chini Subukia, na Nakuru kabisa, walaji walikuwepo. Katikati palikuwa na ukuta. Lori lilikuwa la matajiri. Vijana wakaamua ukuta ni wao. Waliondoka Subukia saa tisa usiku, baiskeli tupu, wakisukuma zaidi ya kuendesha, wakafika juu kabla ya ng'ombe kukamuliwa. Wakapakia, wakafunga kwa blada, na alfajiri wakashuka na mzigo unaoweza kuzidi uzito wao wenyewe. Breki zao zilikuwa zile za vyuma, zinazobana rimu ya chuma. Rimu ya chuma ikilowa, breki hiyo ni ushauri tu. Wengine walisaidia kwa soli ya gambuti kwenye tairi.

Nikauliza kwa nini walienda kwa makundi. Nilitarajia kusikia habari za majambazi au fisi. Fisi walikuwepo, ndiyo. Lakini Guka alisema kitu kingine: "Baridi ya kupanda ni rafiki. Baridi ya kushuka inataka mtu mmoja mmoja."

Walikuwa na kanuni, ingawa hawakuziita hivyo. Ukifika juu unavua shati ulilotoa nalo jasho, hata kama unaona aibu, unavaa kavu uliyokuja nayo imefungwa ndani ya nailoni. Kifuani unaweka gazeti. (Siku hizi ile mifuko ya nailoni haipo, ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na mimi binafsi naona mito yetu imefaidika. Mikono yangu ndiyo haikufaidika, maana mfuko wa mkate juu ya glavu ulikuwa kinga ya mvua iliyoshinda vitu vingi vya dukani.) Mwenye breki mbaya anatangulia, hawekwi nyuma, kwa sababu akiwa nyuma atawagonga nyote. Mwenye baiskeli nzuri anashuka wa mwisho. Hii ya mwisho niliiandika nikapigia mstari, nikikumbuka wale waliokuwa wakila mayai.

Na kulikuwa na kuitana. Kwenye ukungu humuoni aliye mita kumi mbele yako. Kwa hivyo wa mbele anataja jina lake, wa pili anataja lake, mpaka wa mwisho, halafu inaanza upya. Nikasema ni wazo zuri, mnajua nani amepotea.

"Si hiyo tu, profesa. Unasikiliza *vile* anaitika."

Ndipo akanieleza alichokuwa amenyamazia zile wiki mbili.

Guka alikuwa na mdogo wake. Julai 1971 walikosana huko juu, jambo la pesa, shilingi chache za maziwa. Mdogo akasema hatangoja mtu abadilishe shati kama bibi harusi. Akashuka peke yake na mtungi wake, shati lilelile. Wengine walipofika chini hawakumkuta sokoni. Wakadhani ameshauza akaenda zake. Alikuwa kwenye mtaro, karibu na kalvati, baiskeli juu yake, na hakuwa amevunjika hata mfupa mmoja. Watu wawili watatu walikuwa wamempita asubuhi hiyo. Mmoja alisimama hata akamsalimia. Alijibu, lakini maneno yalikuwa yanaburuta, hayaeleweki, akicheka kidogo. Kijana, asubuhi, kwenye mtaro, anaongea hivyo. Wakamwacha alale pombe iishe.

Alikufa kabla ya saa sita mchana. Hakuwa mnywaji.

Sasa najua jina la kitaalamu la kilichomuua, na wewe unaweza kulisoma popote: mwili ukipoa kupita kiasi, ulimi huwa mzito, mikono inakosa ustadi, akili inaanza kuona mambo ni sawa tu. Ndivyo wapanda milima wanavyofundishwa kutambua hatari, mtu akianza kujikwaa na kugugumiza mnasimama. Watu wa kabeji wa Subukia waliligundua hilo kwa bei yao. Kuitana kulianza wiki iliyofuata mazishi. Aliyeitika kama mlevi, wote walisimama, wakamvua, wakamvisha kavu, wakamkalisha katikati yao.

Nikamwonyesha Guka picha kwenye simu. Juni 5, 1988, mashindano ya Giro d'Italia, mlima wa Gavia huko Italia, theluji inaanguka. Mholanzi Johan van der Velde alifika kileleni wa kwanza, mikono mifupi. Kisha akaanza kushuka, na baridi ikamshika vibaya hivi kwamba alimaliza hatua hiyo akiwa amepoteza dakika 47 hivi. Mwamerika Andrew Hampsten alikuwa amejiandaa kwa nguo za kuvaa huko juu, akatoka siku hiyo na jezi ya waridi ya kiongozi, na ndiye aliyeshinda mashindano yote. Kuna pia Mfaransa Bernard Hinault, aliyeshinda Liège–Bastogne–Liège mwaka 1980 kwenye theluji, na vidole vyake viwili havikupona vizuri maisha yake yote. Guka aliangalia ile picha ya Gavia kwa muda.

"Huyu wa mikono mifupi hakuwa na wazee kwao?"

Kisha nikamwambia kwamba mabingwa wa Ulaya nao walikuwa wakipokea magazeti kutoka kwa mashabiki kileleni, wakiyasukuma kifuani kabla ya kushuka. Hilo lilimfurahisha kupita kiasi. Alilirudia kwa majirani kana kwamba wale Wafaransa walikuja Subukia kujifunza.

Nani ajuaye miguu mingapi ya bingwa ilipita kwenye mizigo hiyo bila saa ya kuipima. Mwaka 2008 Msingapori Nicholas Leong aliwapeleka Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, wakajipime kwenye Alpe d'Huez, ule mlima maarufu wa Tour. Hawakuwa wametoka kwenye shule ya baiskeli. Mmoja alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli, kazi ile iliyoanzia mpakani Busia miaka ya 1960 ikapata jina la bodaboda. Kutokana na juhudi hizo ilizaliwa timu ya Kenyan Riders, kambi ikawa Iten, na humo akapita Suleiman Kangangi wa Eldoret. Alimaliza wa tatu Tour du Rwanda ya 2017, akawa nahodha wa Team AMANI, na tarehe 27 Agosti 2022 akafariki kwa kuanguka kwenye mashindano Vermont, Marekani. Nahodha ndiye huangalia nyuma. Sijui kwa nini kila nikimfikiria huyo mtu namwona kwenye ukungu wa kwetu, ambako huenda hakuwahi hata kupita.

Watu wa mizigo wenyewe waliisha polepole, halafu ghafla. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, zisizozidi 250cc, na katika miaka michache black mamba ikawa kitu cha kuning'iniza kuku. Pikipiki inabeba kabeji na kushuka kwa dakika chache, na anayeiendesha hatoi jasho, kwa hivyo hahitaji shati la pili. Ni maendeleo, sitaki kuyalilia. Hakuna mtu aliyesukuma baiskeli saa tisa usiku kwa kupenda. Mimi ninapanda kwa kupenda, nikiwa na jaketi la mtumba lililoshonewa mtu wa Uholanzi, na hiyo ndiyo tofauti nisiyoweza kuizunguka. Baridi tu ndiyo haijui nani amekuja kazini na nani amekuja kujifurahisha.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, nilipeleka kanuni za Guka kwa mbogi. Shati kavu walikubali haraka, kila mtu alishawahi kuonja. Gazeti walicheka, halafu wakaona ni bei ya shilingi chache na lina joto kuliko kizibao cha elfu sita. Mwenye baiskeli nzuri kushuka wa mwisho kulileta kelele. Jamaa mmoja, daktari wa meno, baiskeli yake inaweza kulipa karo yangu yote niliyoikimbia, akasema haina maana kununua kaboni ili uangalie mgongo wa mtu. Nikamwambia habari ya mtaro na kalvati. Sikuipamba. Akanyamaza, akaenda nyuma.

Kuitana tuliamua kutumie namba, maana majina yalikuwa yanachanganya, tuna akina Kamau watatu. Tulipanda, jua halikutoka, tukapita kibao cha Ikweta bila kusimama. Juu tulibadilisha mashati nyuma ya duka, tukitetemeka na kutukanana. Nilitangulia mimi, kwa sababu ya historia yangu na breki. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba nilisikia lori kabla ya kuona taa zake.

"Moja!"

"Mbili!"

"Tatu!"

Zilienda zikirudi nyuma yangu, zikififia, kama watu wanaoteremka kisimani. Saba. Nane. Halafu tisa, ambaye ni daktari, akaitika kitu kisichokuwa neno, kizito, kinachoburuta.

Sote tukafinya breki. Vidole vyangu vilifinya. Tukatupa baiskeli nyasini, watu wanane tukipanda mlima kwa miguu tukikimbia, mmoja tayari anavua jaketi lake la ziada, mimi moyo uko kooni nikimwona mtu wa 1971 ambaye sijawahi kuona hata picha yake.

Alikuwa amesimama katikati ya barabara, mguu mmoja chini, anatushangaa. Alikuwa na andazi zima mdomoni.